Rejeta ya Chumba cha Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Louisville, tulikofikia kwanza, wenzangu wa mtaa wa Iroquois walikuwa wakienda kucheza mpira kila Jumapili baada ya ibada, na mimi nilikuwa nabaki kwenye kochi nikiwatakia ushindi. Nilipooa tukahamia Newburg, upande mwingine wa mji, nikabadilisha kochi. Baadaye tukaenda Columbus, kule Northland, ambako nilijifunza kuagiza nyama ya mbuzi kwa simu kutoka duka ambalo naliona dirishani. Sasa tuko Buffalo. Mke wangu husema yeye ameishi katika miji mitatu ya Amerika, mume wake ameishi katika sebule tatu. Simpingi. Zote zilikuwa sebule nzuri.

Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba walau jambo moja nalijua: namna nyumba inavyopata joto. Lakini Louisville na Columbus hilo halikuhitaji akili. Unabonyeza kidude cha ukutani, kitu kinavuma chini, upepo wa moto unatoka kwenye matundu ya sakafuni, umemaliza. Kikiharibika unapiga simu ofisini kwa wenye apatimenti. Buffalo tulinunua nyumba, nyumba ya zamani yenye ngazi zinazolia zikikanyagwa, na siku tuliyopewa funguo niligundua kwamba ofisi sasa ni mimi.

Nyumba hii haina matundu. Ina rejeta. Si ile ya gari, ingawa nadhani ni ndugu: ni chuma kizito kilichosimama chini ya dirisha kama mbavu za ng'ombe, kila chumba na chake. Chini ya nyumba, besimenti, kuna boila linalochemsha maji. Maji yanapanda kwenye mabomba, yanaingia kwenye zile mbavu, na chumba kinapata joto bila kelele. Majira yetu ya kwanza ya baridi nilizipenda mno rejeta hizi. Niliegemea ile ya sebuleni mpaka mke wangu akasema naota mistari mgongoni kama punda milia.

Mwaka uliofuata tukapata mtoto, wa kike, kwa upasuaji. Mke wangu alikuwa ameanza kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee, kazi aliyoisomea akiwa na tumbo kubwa na usingizi mkubwa zaidi, na likizo ya uzazi ilikuwa inaelekea mwisho. Zamu zake na zangu za kiwandani zilipishana vibaya. Kulikuwa na saa nyingi ambazo mtoto angebaki na kuta. Watu wa kumwachia mtoto wa umri ule, Buffalo, hatukuwa nao. Tulikuwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa Columbus: mama yake mke wangu, anayeishi Northland kwa mwanawe, shemeji yangu. Ana kanisa lake kule, kwaya yake ya akina mama, maduka yake ya Morse Road ambako muuzaji anajua ni sombe gani, yaani kisamvu, anayoitaka. Akakubali kuyaacha yote mpaka theluji iishe. Mpango wote wa mke wangu kurudi kazini ulikuwa umesimama juu ya mama huyo.

Chumba chake nilikichagua mimi, kwa elimu yangu. Sekondari niliimaliza katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na katika fizikia yote kilichobaki kichwani ni kwamba hewa ya moto hupanda juu. Basi mama mkwe nikampa chumba cha juu kabisa, nikajisifu mbele ya mke wangu. "Kule joto litamfuata lenyewe," nikasema.

Hapa lazima nieleze desturi, la sivyo yaliyofuata yataonekana wazimu. Kwetu, milimani Kivu ya Kusini, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Hatupeani mikono. Hatuli meza moja. Akipita kwenye korido mimi najibana ukutani kama kalenda. Na chumba anacholala, pale palipo na kitanda chake na nguo zake, mkwe hapaoni, hata kama nyumba ameinunua yeye. Wengi wameziacha hizi, wanasema tuko Amerika. Mama mkwe wangu hajaziacha, na mimi, kusema kweli, nazifurahia. Ni desturi iliyotungwa na mtu asiyependa maongezi.

Lakini kwa kuzaliwa mtoto tulikuwa tumepata mkalimani. Mama mkwe haniambii kitu mimi. Anamwambia mtoto, aliyefungwa mgongoni kwa kitenge. Anamwita mke mwenza, kama bibi anavyomtania mjukuu wa kike. "Mke mwenzangu, ambia baba yako chai iko mezani." Nami namjibu mtoto: "Mwambie bibi asante." Mtoto anatoa mate. Ujumbe umefika.

Desturi hiyo ina upande wa pili ambao sikuufikiria: mama mkwe naye halalamiki kwenye nyumba ya mkwe. Wiki zile za mwanzo niliona tu kwamba anapenda sana jiko. Anasali jikoni, anafuma jikoni, anachemsha maharage asubuhi mpaka jioni huku amesimama karibu na moto. Nikasema moyoni, mama huyu anatupenda. Nikala maharage. Suruali zikanibana.

Alhamisi moja shemeji akapiga simu kutoka Columbus.

"Shemeji," akaanza, kwa sauti ya mtu anayetabasamu kwa meno tu, "munaendelea?"

"Tunaendelea, Mungu anasaidia."

"Bon. Nilitaka kuuliza kitu kidogo. Mama mulimuweka mu chumba ao mu friji?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimemupigia video sasa hivi. Iko mu kitanda na koti. Na kofia. Na glavu moja."

"Kwa nini moja?"

"Ingine alivua juu ya kushika simu."

"Mbona hajasema kitu? Anasemaje?"

"Anasema huko ni kuzuri sana, Mungu ni mwema. Unajua Mama. Hata nyumba ikiungua atasema moto iko muzuri. Donc, Jumamosi nakuja kumuchukua. Mimi sina shida na wewe, shemeji. Lakini ule ni mama yangu, haiko munyama."

Mke wangu, ambaye tangu upasuaji alikuwa anaziogopa ngazi zile na kuzipanda mara chache, alizipanda zote bila kupumzika. Nilisikia mlango, nikasikia sauti ya mama mkwe ikisema "Ni sawa, mwanangu, ni sawa, usimusumbue baba wa mtoto." Aliposhuka aliniwekea kiganja chake shavuni. Kilikuwa baridi kama samaki.

"Nimeishika rejeta," akasema. "Sasa umeishika na wewe."

Tulijaribu mambo ya haraka. Hita ndogo ya umeme tuliyompelekea ilizima taa za nusu ya nyumba. Kumhamisha chini haikuwezekana: chini kuna chumba chetu, na yeye hawezi kulala kwenye kitanda cha mkwe, na kuna sebule, ambayo mimi naipita nikirudi kutoka kazini. Fundi tuliyempigia alisema ana nafasi baada ya wikendi. Na siku iliyofuata, Ijumaa, mke wangu alikuwa ameitwa kazini kwa mafunzo ya kutwa nzima, kabla ya kurudi zamu Jumatatu.

"Mama akipanda gari Jumamosi," akasema mlangoni asubuhi hiyo akivaa viatu, "mimi naacha kazi. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Na wewe usiingie kile chumba. Ukiingia, hatangoja hata hiyo Jumamosi."

"Sasa nitaitengenezaje?"

"Wewe si ndiye ulisoma fizikia?"

Akaenda.

Nikakaa na simu, nikamtazama mzee mmoja wa Kizungu kwenye video, mpole, mwenye tumbo, akieleza rejeta isiyopata moto. Alisema kwanza uhakikishe koki ya pembeni imefunguliwa. Kisha uangalie kama kuna hewa imenaswa ndani, kwa sababu penye hewa maji ya moto hayaingii. Juu ya rejeta, upande usio na koki, kuna kiskrubu. Unakifungulia kwa ufunguo mdogo, hewa inatoka ikifanya sss, maji yakianza kutoka unafunga. Mambo ya dakika chache, alisema. Yeye lakini alikuwa ameruhusiwa kuingia chumbani.

Ufunguo wenyewe nilikuwa nao. Mwenye nyumba wa zamani aliuacha kwenye droo ya jikoni, na mimi nilidhani ni wa saa ya ukutani. Niliuchukua, nikachukua bakuli la plastiki na kitambaa, nikapanda ngazi, nikasimama kwenye korido mahali ambapo mlango wake hauonyeshi kitu. Nikakohoa.

Halafu, kutoka ndani: "Mke mwenzangu, nani anakohoa huko?"

"Mwambie bibi ni baba yako," nikasema. "Mwambie nimesikia habari ya chuma."

"Ambia baba yako ni sawa. Asijisumbue."

"Mwambie bibi si sawa. Mjomba wako amenitukana kwa simu."

Nikasikia kicheko kidogo, cha puani, kimefichwa haraka. Mama mkwe wangu hajawahi kucheka mbele yangu, na kiufundi hakucheka mbele yangu siku hiyo pia, kulikuwa na ukuta.

"Ambia baba yako," akasema mwishowe, "ile chuma iko baridi kama jiwe ya mtoni. Tangu nilifika."

Tukaanza kazi. Nilimwomba, kupitia mtoto, aiguse koki ya pembeni na kuigeuza. Ikageuka huku, ikageuka kule. Ilikuwa wazi siku zote. Nikamweleza habari ya hewa. Hapo maneno yakaniishia. Kiskrubu, upande wa juu, ufunguo, hewa iliyonaswa: nilijisikia nikieleza kama mwalimu wangu wa fizikia, na mimi yule mwalimu sikumwelewa kamwe.

"Mwambie bibi," nikasema, "ni kama ng'ombe aliyevimba tumbo. Ana hewa ndani. Lazima itolewe."

"Ah!" akasema, moja kwa moja, bila hata kumpitia mjukuu. Kisha akajirekebisha. "Mke mwenzangu, kwa nini baba yako hakusema hivyo tangu mwanzo?"

Lakini kazi hiyo ilitaka mikono miwili, na mtoto mgongoni asingekuwa salama kama maji yangeruka. Hapo ndipo tulipokuwa kama wapelelezi. Niliweka ufunguo, bakuli na kitambaa kwenye kizingiti, nikarudi mpaka mwanzo wa ngazi, nikageuza mgongo. Nikasikia nyayo, nikasikia kitenge kinafunguliwa. Nyayo zikarudi ndani. Nilipogeuka, vitu vyangu vilikuwa vimechukuliwa, na mahali pake, juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, alikuwa amelazwa mtoto wangu, ananitazama kama mtu aliyepewa risiti.

Nikamchukua. Sasa mkalimani alikuwa kwangu.

"Amefungua?" nikamuuliza mtoto kwa sauti kubwa.

"Nimefungua," ikasema sauti ya ndani.

"Inafanya sss?"

Tukasikiliza wote watatu.

"Haifanyi kitu."

"Maji?"

"Hakuna maji. Hakuna hewa. Ambia baba yako huyu ng'ombe hana tumbo iliyovimba. Huyu hajakunywa."

Mzee wa kwenye video hakusema hilo, au alisema mimi nikiwa natazama tumbo lake. Nilikaa kwenye ngazi ya juu na mtoto, nikairudisha video nyuma, na kweli, karibu na mwisho, alikuwa amesema kwa haraka: kama hakuna kinachotoka kabisa, hasa ghorofani, nenda kaangalie presha ya boila. Maji yakipungua kwenye mabomba, yanatosha vyumba vya chini tu. Hayana nguvu ya kupanda mpaka juu.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa fizikia yangu. Hewa ya moto hupanda yenyewe, ndiyo. Maji husukumwa. Nilikuwa nimempa mama mkwe chumba ambacho joto lilikuwa halijawahi kufika, na mimi chini nimeegemea chuma cha moto nikisifu nyumba.

"Mwambie bibi afunge kiskrubu," nikasema. "Nashuka besimenti."

Nikamrudisha mtoto kwenye blanketi lake, nikakohoa, nikashuka. Ngazi mpaka sebuleni, ngazi mpaka besimenti, mimi ambaye huita kwenda jikoni safari. Boila lilikuwa linanguruma vizuri tu, lisilo na habari na matatizo ya watu. Mbele yake kuna geji ya presha, ya mviringo, na mshale wake ulikuwa umelala chini kabisa, kama mimi Jumapili. Nikatafuta bomba la maji baridi linaloingia kwenye boila, nikaona koki yake, imefungwa. Pengine aliyehama aliifunga. Pengine mimi, siku nilipokuwa natafuta mahali pa kutundika mwavuli. Sitaki kuchunguza sana. Nikaifungua taratibu. Maji yakapita yakiimba ndani ya chuma. Nikautazama mshale ukiinuka, ukifika pale alipoonyesha yule mzee, nikafunga.

Nikapanda tena. Nilipofika juu nilikuwa nahema kiasi kwamba kukohoa hakukuhitaji kuigiza.

"Mke mwenzangu," ikasema sauti ya ndani, na utani ulikuwa umeingia sasa, sikukosea, "ambia baba yako akae chini kwanza. Bibi yako alikuja kulea mtoto moja, haiko wawili."

Mtoto alikuwa bado kwenye blanketi, anautafuna mguu wake. Nikakaa pembeni yake, sakafuni. "Mwambie bibi afungue tena. Aweke bakuli chini yake."

Kwanza hakuna kitu. Kisha ikaja: sss. Nyembamba, halafu nene, kama mtu anayetoa hasira za mwaka mzima. Iliendelea mpaka nikaanza kuogopa kwamba nyumba nzima inapungua. Ndani, mama mkwe alikuwa anaongea na rejeta yake. Si Kiswahili tena. Lugha ya nyumbani, ile sauti ya chini wanayotumia akina mama wa milimani kumtuliza ng'ombe anayekamuliwa. "Haya, haya, simama vizuri." Mambo hayo hayakuwa yangu.

Halafu ikapiga chafya. Ikatapika. Nikasikia "Eee!" na bakuli likagongwa.

"Maji?"

"Maji nyeusi! Kama kahawa! Mu ukuta!"

"Afunge! Mwambie bibi afunge!"

"Nimefunga, nimefunga, baba, usipige kelele, mtoto atalia!"

Hakuna kati yetu aliyegusia kwamba maneno hayo alikuwa ameniambia mimi moja kwa moja, bila kumpitia mtoto.

Tulingoja. Baada ya muda bomba linalopita koridoni likaanza kutoa mlio wa tik, tik. Nililigusa; lilikuwa linapata moto. Lakini bomba si chumba.

"Muulize bibi," nikamwambia mtoto, "sasa kuna joto?"

"Ni sawa," ikasema sauti. "Ambia baba yako asante. Ni sawa kabisa."

Hapo ndipo nilipoona shida yangu yote. Ni sawa. Neno lile lile alilolisema akiwa na koti, kofia na glavu moja. Chumba kingeweza kuwa kinachemka au kimeganda, mama yule angesema ni sawa, na mimi sikuwa na ruhusa ya kuingiza hata mkono. Mke wangu alipopiga simu wakati wa mapumziko yake nikamwambia kila kitu. "Lakini kuna joto?" akauliza. "Mama anasema ni sawa," nikasema.

Mchana jirani yetu, mama wa Kirundi mwenye watoto wakubwa, alikuja kukaa na mama mkwe mpaka mke wangu arudi, na mimi nikatoka kwenda kazini. Theluji ilikuwa inaanguka polepole. Nilikuwa nimeshafika kwenye gari, napangusa kioo, nikijiandaa moyoni namna ya kumpokea shemeji kesho yake kwa unyenyekevu, nikasikia kitu kinakwaruza juu. Nikainua macho. Dirisha la chumba cha mama mkwe lilikuwa limefunguliwa, mikono miwili inalisukuma juu, na lile koti lake likatokea, likakung'utwa mara moja, mara mbili, likaning'inizwa pale dirishani lipate hewa. Alikuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi.

Niligeuza uso haraka, kwa heshima. Lakini nilikuwa nimeona, na nilicheka peke yangu mpaka kioo cha gari kikaingia ukungu. Tunalipa kupasha moto theluji ya Buffalo, na sikuwahi kufurahia hasara namna ile.

Jumamosi shemeji alifika, amechoka na barabara, hata viatu hakuvivua vizuri. "Mama yuko wapi?" Yeye ni mwana, ana haki zote, akapanda moja kwa moja. Mimi na mke wangu tulibaki sebuleni tukisikiliza dari. Sauti yake ilianza juu, kali. Ikashuka. Ikakatika, mke wangu akapanda kuchungulia. Akarudi ameziba mdomo.

"Amelala," akasema. "Amevua jaketi, amevua sweta, amelala kwenye mkeka karibu na rejeta. Mama anampepea."

Alipoamka alikula maharage, akakaa nami, akanitazama.

"Shemeji, kule juu ni Bujumbura."

"Ulisema ni friji."

"Bon, nilisema. Mutu anaweza kusema." Akainama karibu. "Eti uliitengeneza mu korido? Bila kuingia?"

"Mama yako ndiye aliitengeneza. Mimi nilishika mtoto."

Alicheka mpaka akaangusha kijiko. Jioni yake nilisikia akibishana na mama yake mlangoni pa jikoni, mimi nikiwa nimejibana upande wangu wa ukuta kama kawaida.

"Lakini Mama, gari niko nayo hapa. Twende."

"Niende wapi? Na huyu mtoto abaki na nani?" Kisha, kwa sauti ya mtu anayemaliza maneno: "Wewe enda. Utaniletea sufuria yangu kubwa na mwiko, hizi za huku ni za kuchezea. Na nguo ya kwaya. Nimesikia kanisani kwao akina mama wanaimba chini sana."

Shemeji aliondoka asubuhi ya Jumapili, kiti cha pembeni kitupu, akilalamika kwamba alikuja kama mwokozi na anarudi kama mtu wa kutumwa sokoni.

Tuliporudi kutoka ibadani mke wangu alitandaza blanketi mezani, akachomeka pasi, akatoa sare yake ya kazi ya Jumatatu, ile ya buluu, akaanza kuinyoosha kola.